"Huyo si wa Hapa": Neno Dogo Lenye Madhara Makubwa

Kuna neno ambalo watoto wetu hapa Rulenge hujifunza kabla hawajajua kusoma. Hulisikia kwenye foleni ya maji, hulisikia gulioni, na zaidi ya yote hulisikia jikoni tunapochambua maharagwe huku tukizungumza. Neno lenyewe ni hili: "Huyo si wa hapa." Husemwa juu ya mke wa jirani aliyetoka ng'ambo ya mto, juu ya kibarua wa shambani, juu ya Msukuma aliyehamia Biharamulo na ng'ombe wake, hata juu ya mtoto aliyezaliwa katika wodi yetu wenyewe. Hatulisemi kwa hasira. Twalisema kama mtu asemavyo kwamba leo mvua itanyesha.

Sisi tunaowaandikia ni wauguzi, na siku za mapumziko hujitolea katika kazi za akina mama kanisani. Wengi wetu tulikuwa wasichana wa shule mwaka 1994. Yale tuliyoyaona mwaka ule, na yale tunayoyaona leo kliniki, yametufanya tulichunguze neno hili kwa makini. Tumegundua kwamba mara nyingi watu hugeuza mahali kuwa damu. Humtazama mtu pua, kimo au lafudhi yake, kisha humpangia mahali anapostahili kuwa. Na mtu akishapangiwa mahali pengine, hapa alipo huhesabiwa kuwa mgeni hata kama kitovu chake kimezikwa hapa.

MTO MMOJA, MAJINA MENGI

Tuanze na nyumbani. Wilaya ya Ngara ina sehemu mbili za zamani: Bugufi, nchi ya Wahangaza, na Bushubi, nchi ya Washubi. Mhangaza wa Kabanga akisalimiana na Mrundi wa Muyinga wanaelewana bila mkalimani, maana lugha zao ni karibu moja. Sababu yake iko wazi. Zamani Bugufi ilikuwa chini ya mwami wa Burundi. Wadachi walipotawala, Rwanda, Burundi na Tanganyika zilikuwa zote ndani ya koloni moja. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza na Wabelgiji waligawana nchi hizo kwa mapatano ya mwaka 1919. Mwaka 1922 Waingereza walichukua pia Gisaka, mashariki ya Rwanda, lakini baada ya miaka kama miwili ikarudishwa kwa Wabelgiji. Bugufi haikurudishwa. Ndivyo ilivyobaki Tanganyika mpaka leo.

Hebu fikirini, akina mama. Ndugu wawili, mmoja analima kilima cha huku na mwingine kilima cha kule. Mstari ukachorwa kwenye ramani, na watoto wa mmoja wakawa Watanzania, watoto wa mwingine wakawa Warundi. Damu haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni jina la mahali.

Tena kuna jambo ambalo vijana wetu wengi hawalijui. Majina ya Wahutu na Watutsi hayakuwa ya ng'ambo peke yake. Hata wazee wa Bugufi walikuwa nayo. Kwa nini basi majina yale yale yalileta mauti upande mmoja, na upande mwingine yakafifia taratibu kama rangi ya kanga iliyofuliwa mara nyingi? Si kwa sababu sisi ni wema kuliko wenzetu, la hasha. Tofauti ilikuwa katika yale yaliyoandikwa, yaliyofundishwa na yaliyorudiwa kila siku katika mahali pale.

KARATASI ILIYOWAGAWA WATU

Mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke alipita katika njia zetu hizi akitafuta chanzo cha Mto Nile. Alipita Usui, ambayo leo ni Biharamulo, iliyotawaliwa na Suwarora, kisha akapokelewa Karagwe na mfalme Rumanika. Aliwaona watawala wafugaji, akapendezwa na sura zao, akaandika katika kitabu chake kwamba watu wa namna ile hawakuwa wa asili ya hapa, bali walitoka Ethiopia. Hakuwa na ushahidi wa kutosha. Alikuwa na macho yake na mawazo ya wakati wake. Lakini wazo lile likasafiri, likaingia katika vitabu vya shule na ofisi za wakoloni, na hata katika mafundisho ya baadhi ya wamisionari.

Katika miaka ya 1930 Wabelgiji walianza kuwaandikisha watu wa Rwanda na kuwapa vitambulisho vilivyotaja kama mtu ni Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Watu hao walisema lugha moja, walikaa kwenye vilima vilevile na hata koo zao zilichanganyika. Zamani mtu aliweza kupanda au kushuka kwa mali na ng'ombe. Baada ya karatasi ile, mtoto alizaliwa na jina ambalo hakuweza kulivua.

Tazameni jinsi rangi na mahali vinavyosaidiana kutenda uovu. Kwanza Mtutsi aliambiwa kwamba ametoka mbali, hivyo yeye ni bora na anafaa kutawala. Nyakati zilipogeuka, hadithi ile ile ikatumika dhidi yake: kama ulitoka mbali, basi rudi huko. Tarehe 22 Novemba 1992, mwanasiasa Léon Mugesera alihutubia mkutano huko Kabaya, kaskazini-magharibi mwa Rwanda, akazungumzia kuwarudisha Watutsi Ethiopia kwa njia ya Mto Nyabarongo. Mwaka 2016 mahakama ya Rwanda ilimhukumu kifungo cha maisha.

Nyabarongo ndio unaomimina maji yake katika Kagera yetu. Miezi 17 baada ya hotuba ile, mto ulibeba maiti. Zilipita Rusumo mbele ya macho ya watu wa Ngara, zikaenda hadi Ziwa Victoria, ambako watu wa kando ya ziwa waliacha kula samaki kwa muda. Huko Nyarubuye, parokia iliyo jirani na mpaka wetu, maelfu ya watu waliokimbilia kanisani waliuawa katikati ya Aprili 1994. Kwenye vizuizi vya barabarani kitambulisho kilitosha kuamua nani apite na nani afe.

Twaandika haya kwa uchungu, si kwa kuwasema majirani. Twaandika ili tuone kwamba mauaji yale yalianza na maneno mepesi: "Hawa asili yao ni kwingine." Ni binamu wa neno letu la jikoni.

BENAKO: MAHALI PALIPOGEUKA KUWA KABILA

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo kwa muda wa saa 24, kwa hesabu ya Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa. Wengi wao walikuwa Wahutu. Walipelekwa mahali panapoitwa Benako. Jina hilo nalo lina historia: ni la Benaco, kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara na kuweka kambi yake pale. Kwa muda mfupi uwanja ule wa mafundi wa barabara ukawa moja ya kambi kubwa kabisa za wakimbizi duniani. Baadaye zikafuata Lumasi, Musuhura na nyingine, na Lukole kwa ajili ya Warundi.

Ndani ya umati ule walikuwamo wauaji, na walikuwamo akina mama wasio na hatia wenye watoto mgongoni. Blanketi na turubai vilikuwa vya namna moja kwa wote. Kambini watu walipangwa kwa kufuata wilaya walizotoka, hata viongozi wa zamani wakaendelea kushika watu wao. Hivyo mahali walipopakimbia paliwafuata mpaka kambini.

Na sisi wenyeji je? Miti ilikatwa kwa kuni hadi vilima vikabaki vipara. Bei ya vyakula ilipanda na kushuka. Wapo waliopata kazi na mishahara ambayo hawakuwahi kuiota, na wapo walioibiwa mihogo shambani. Wageni wa mashirika, Wazungu kwa Waafrika, walikaa katika maboma yao yenye uzio na jenereta. Ghafla wilaya yetu ikawa na ngazi tatu za watu: wa uzioni, wa kijijini na wa kwenye turubai. Neno "mkimbizi" likaacha kuwa hali ya mtu aliyepatwa na shida, likawa kama kabila. Hata mtoto aliyezaliwa kambini, ambaye hakukimbia kitu chochote, aliitwa mkimbizi.

Desemba 1996 serikali iliwataka wakimbizi wa Rwanda warejee kwao kabla ya mwezi kwisha, na karibu nusu milioni walirudi. Lukole ilifungwa mwaka 2008. Turubai zimeondoka siku nyingi, lakini jina limebaki katika vinywa. Watoto wakigombana uwanjani, wengine bado hutukanana kwa neno "mkimbizi", ilhali hawajaona kambi hata siku moja.

SI MPAKANI TU

Tusidhani kwamba jambo hili ni la watu wa mipakani peke yao. Msomaji aliye Dar es Salaam, Mwanza au Dodoma ajiulize majina ya Uzunguni, Uhindini na Uswahilini yalitoka wapi. Wadachi waliigawa Dar es Salaam katika sehemu, na Waingereza wakaendeleza mpango huo: majumba ya Wazungu upande wa bahari, maduka ya Wahindi katikati, na Waafrika Kariakoo. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi kati ya Kariakoo na mtaa wa Wahindi, na sababu mojawapo iliyotolewa ilikuwa afya, yaani kuwakinga wengine na magonjwa ya Waafrika.

Sisi wauguzi jambo hilo hutugusa sana. Hospitali ya Ocean Road ilijengwa kwa ajili ya Wazungu, nao Waafrika na Wahindi wakatibiwa katika hospitali ya Sewa Haji, iliyopewa jina la tajiri wa Kihindi aliyetoa fedha za kuijenga. Kisha mitaa ya Waafrika ikanyimwa mifereji na maji safi, na magonjwa yalipozuka ikasemwa, "Mnaona? Watu hawa ni wachafu." Mahali palifanywa pabaya, halafu ubaya wa mahali ukahesabiwa kuwa tabia ya watu. Hata leo tukitaka kumsema mtu asiye na adabu twasema "ana mambo ya Uswahilini." Mkoloni ameondoka, nasi twamfanyia kazi yake bure.

Lakini ya mahali yaweza pia kutengenezwa upya. Oktoba 1961, Bunge lilipojadili sheria ya uraia, Mwalimu Nyerere alikataa katakata uraia kupimwa kwa rangi ya mtu, akawa tayari hata kujiuzulu. Kuanzia Januari 1962 mfumo wa shule za kubaguana kwa rangi ulifutwa. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila, na kitambulisho chetu cha taifa hakitaji kabila hata leo. Na Ocean Road, iliyokuwa ya Wazungu, tangu mwaka 1996 ni taasisi ya saratani inayopokea mama wa kila kabila kutoka kila mkoa, hata hawa wetu wa Ngara.

HOFU ILIYOINGIA WODINI

Hata hivyo tusijisifu mno. Mwaka 2013 wahamiaji wasio na vibali waliamriwa kuondoka, na mwezi Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Serikali ilisema nia yake ni kukomesha ujambazi na uhamiaji haramu. Ujambazi ulikuwa wa kweli. Sote twakumbuka mabasi yaliyosindikizwa na polisi katika misitu ya Biharamulo. Lakini katika msako ule waliguswa pia watu waliokaa hapa miaka mingi, walioolewa hapa na kuzaa hapa, na zipo familia zilizotenganishwa, baba huku na mama kule.

Nani alijulikana kuwa si wa hapa? Mara nyingi ni majirani waliosema. Na walitumia vipimo gani? Lafudhi, pua, kimo, na yale yaliyokuwa yakisemwa jikoni kwa miaka mingi.

Baada ya hapo tuliona nafasi kwenye mabenchi ya kliniki. Mama mmoja aliyeolewa katika kijiji cha Bushubi, mzazi wa watoto wanne, alishikwa na uchungu akakaa nyumbani mchana kutwa na usiku kucha kwa kuogopa kuulizwa karatasi. Alipoletwa kwa machela alikuwa amepoteza damu nyingi. Yeye aliokoka. Mtoto hakuokoka. Damu aliyoongezewa ilikuwa na maandishi mawili tu ya maana kwetu: kundi O, na tarehe ya mwisho wa matumizi. Haikuandikwa kama ni ya Mhangaza, ya Mshubi au ya Mrundi. Katika miaka yetu yote ya kazi hatujaona darubini inayoweza kuonyesha tofauti hiyo.

Mwaka 2014 Tanzania ilitangaza uraia kwa Warundi zaidi ya 160,000 waliokimbia mwaka 1972 na kukaa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Watu wale wale walioitwa wakimbizi kwa zaidi ya miaka 40 wakawa Watanzania. Hawakubadilishwa damu, walikubaliwa tu.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

Mama mmoja hawezi kuondoa mpaka, wala hatumwombi. Sheria za nchi zina kazi yake, na uhalifu ni uhalifu hata ukifanywa na jirani yetu wa damu. Lakini yapo yaliyo mikononi mwetu.

Kwanza, tuchunge majina tunayowaita watu. Desturi yetu ni kumwita mwanamke kwa jina la mtoto wake: Mama Neema, Mama Yohana. Hiyo ni heshima. Lakini wapo wake waliozaa watoto sita kijijini, nao bado huitwa "yule Mrundi", na wajukuu wao huitwa "wajukuu wa yule Mrundi". Kumwita mama huyo kwa jina la mwanawe hakugharimu kitu, na mtoto wako akusikiaye atajua kwamba huyo ni mama kama wewe.

Pili, mtoto akileta neno la dharau kutoka shuleni, tusicheke wala tusimchape tu. Tukae naye, tumweleze habari za Bugufi, mto na mpaka. Akiwa mkubwa wa kutosha, tumweleze na habari za mwaka 1994. Asiyefundishwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu huo tumeuona ulivyofundisha jirani zetu.

Tatu, tusaidiane katika karatasi. Mtoto akizaliwa zahanati au hospitali, mdai tangazo la kizazi, mlihifadhi pamoja na kadi ya kliniki, kisha mfuate cheti cha kuzaliwa bila kuchelewa. Waliofunga ndoa watunze cheti cha ndoa mahali pasipofikiwa na mchwa wala mvua. Mtoto ambaye baba au mama yake ni raia wa Tanzania ana haki yake kwa sheria, ila haki isiyo na karatasi ni vigumu kuitetea. Mke mgeni aliyeolewa na raia anaweza kuomba uraia kwa kufuata utaratibu. Kama jirani yako hajui kusoma, msindikize ofisini.

Nne, na hili twawaomba kama wauguzi, msimwache mjamzito yeyote nyumbani kwa ajili ya hofu. Kadi ya kliniki huuliza kijiji, umri na mimba ya ngapi. Maswali hayo yatosha kumhudumia. Mama akiogopa kwenda peke yake, nenda naye. Ukikaa naye benchi moja, watu watamwona kuwa wa hapa.

Mwisho, tukumbuke kwamba sote ni wa kuja, ila wengine walitangulia. Wapo waliofuata malisho, walioletwa na ndoa, walioletwa na njaa ya zamani ambayo hakuna aandikaye habari zake. Ardhi hii ya migomba na vilima haikumwuliza hata mmoja pua yake ikoje. Ilimwuliza kama analima, kama anazika wafu wake kwa heshima, na kama anachota maji bila kuyachafua. Tukiuliza hayo tu kwa jirani, tutakuwa tumewatendea watoto wetu jambo jema ambalo hakuna karatasi iwezayo kuwapa.